Hata Upenyo

Lilivutwa na trekta la majani ya chai,
kamba ya katani, mvua ya Tukuyu isiyouliza msimu,
na Bi Tusajigwe Mwaisumo ndani, wima, miwani puani,
kana kwamba ndiye anayeendesha.

Pijo 404, pikapu, la zamani kuliko mimi,
kijani mpya kama jani la mgomba lililofunguka jana.
"Ugonile, fundi. Limezima tena pale pale,
kilima cha Makandana, kona ya pili."

Nikauliza walioligusa kabla yangu.
Akahesabu kwa vidole: wa Uyole alimuuzia betri,
wa Mwanjelwa akaweka koili,
wa tatu (jina hakulitaja, alisonya tu)
akabadilisha dinamo, akaondoka na jeki.

Mimi sikufungua kitu.
"Washa taa." Zikawaka, kali, zikatoboa ukungu hadi duka la mbolea.
"Sasa stata."
Tki.
Taa hazikupepesa.
Betri iliyochoka ingeona haya hapo, taa zingefifia.
Hii ilikuwa na nguvu zake zote, haina pa kuzipeleka.

"Tena." Tki. "Tena."
Nikapitisha kiganja kwenye waya, mmoja mmoja,
baridi, baridi, baridi,
hadi kebo ya choki, uzi ule mwembamba
wa kuvutwa asubuhi za Juni:
ya moto. Kama mshikio wa sufuria ya uji.

Nilicheka peke yangu. Lutengano akaniangalia vibaya.
Umeme, kijana, una adabu moja tu:
ukitoka betri lazima urudi betri.
Uzibie mlango, utapita dirishani,
utapita kwenye uzi wa choki ukiuunguza,
na gari likirushwa na shimo, hata huko hautapita.

Tukaingia uvunguni, magunia mgongoni,
matope yakinywa mashati.
Waya wa ethi ulikuwepo. Mnene, mzima,
bolti imekazwa barabara
juu ya rangi.

"Mlipaka lini?"
"Julai. Sendofu ya Tumpe. Nilitaka litoke vizuri kwenye picha."
"Mpakaji alifungua kila kitu?"
"Kila kitu! Kijana msafi yule, hakuacha hata upenyo."

Hata upenyo.

Nikachukua kisu cha meza kilichokatika ncha.
Kijani kikatoka vipande vipande, nikampa mkononi.
Chini yake nyeupe. "Hiyo ya zahanati.
Miaka mitatu tulibeba wajawazito, dizeli ya kwetu."
Chini yake bluu. "Hiyo ya Asegelile mwenyewe,
alilinunua kahawa ilipokuwa kahawa."
Akatafuta leso, akakuta kipande cha kijani mfukoni.
Chini ya bluu kijivu, ambacho hata yeye hakukijua,
na chini ya kijivu chuma,
chuma kitupu, upana wa sarafu ya mia mbili,
kilichoonwa mara ya mwisho na mtu wa kiwandani
ambaye labda naye ameshazikwa.

Msasa. Kitambaa. Bolti.
Stata haikusema tki.
Injini ilikohoa moshi wa miezi minne, ikashika,
na kuku wa mama ntilie wakakimbilia barabarani.

Akainama kutazama, mwavuli ukinimwagia maji shingoni.
"Hapo pataachwa hivyo?"
"Hivyo hivyo, mama. Tutapaka grisi, kutu isije."
"Pako uchi."
"Pako uchi."
Akafikiri. Mvua nayo ikafikiri kidogo.
"Basi," akasema, "huko chini hakuna mwenye kamera."

Alilipa kwa noti zilizokunjwa mara nne,
akakataa kusindikizwa.
Kila kona hupiga honi, mafunzo ya marehemu.
Tukaisikia ya kwanza, kule kwenye migomba.
Lutengano akashusha spana, asije akaigonganisha.
Ya pili.
Mimi nilijifanya natafuta kitambaa.